Hadithi Njema Yaweza Kumfungulia Mlango Mtoto Mwenye Usonji

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, tumeitungia insha na kuitungia mitihani, na mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaweza kuieleza maana yake bila kusitasita. La ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, kengele ya mapumziko inapolia, hutoka nje akajiunga na wenzake kumzingira mtoto aliyeziba masikio yake kwa viganja, wakamcheka na kumwita punguani. Methali imekaa kichwani, haijashuka moyoni. Leo nataka kutoa rai kuhusu njia moja ya kuishusha, nayo ni hadithi na vipindi vya watoto: kitabu cha picha, redio, runinga, vikaragosi na mchezo wa kuigiza.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haiwezi kulaumiwa kwamba imenyamaza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na haki ya kupata elimu pamoja na jamii kwa kadiri inavyomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilisema kila mtoto ana haki ya kusoma na kwamba asibaguliwe. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera inayohimiza elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake wa mtaani kila inapowezekana. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, sheria humfikisha mtoto mlangoni mwa darasa tu. Hakuna waziri awezaye kutoa waraka kwamba kuanzia Jumatatu Amina awe rafiki wa Otieno. Urafiki hauamrishwi, urafiki hufunzwa na kuzoewa.

Kabla sijaendelea, yafaa tuelezane usonji ni nini, maana usilolijua ni usiku wa giza. Hali hii ilielezwa kwa kirefu mwaka 1943 na daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyeandika habari za watoto 11 waliokuwa wakiishi kana kwamba wamo katika dunia yao wenyewe. Tangu hapo elimu imepanuka. Tunajua leo kwamba usonji ni namna ambavyo ubongo unakua tangu utotoni, na kwamba namna hiyo huathiri jinsi mtu anavyozungumza, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wenye usonji hawafanani. Mmoja hasemi hata neno. Mwingine husema bila kukoma juu ya jambo moja alipendalo, pengine ratiba za magari ya moshi au majina ya sayari. Mmoja huhitaji msaada hata wa kuvaa viatu. Mwingine huongoza darasa zima katika hesabu lakini hushindwa kujiunga na mchezo wa kufukuzana.

Usonji hauambukizi. Si laana ya ukoo, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Haukuletwa na mama asiyempenda mwanawe, dhana ambayo wataalamu wa zamani waliishikilia kwa muda na kuwaumiza akina mama wasio na hatia, kisha ikatupiliwa mbali. Wala hauletwi na chanjo: ile makala ya mwaka 1998 iliyoeneza hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 hivi alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi 600 ingetarajiwa kuwa na wanne au watano. Mwalimu anayedai kwamba hajawahi kumwona hata mmoja, yamkini amewaona bila kuwatambua, au basi watoto hao wamefungiwa nyumbani.

Tazama sasa jinsi watoto wenzake wanavyomsoma mtoto huyu vibaya. Katika jamii zetu nyingi, mtoto kutomkazia macho mtu mzima ni adabu, kwa hiyo kwa wazee mtoto mwenye usonji huweza hata kusifiwa kwamba ni mnyenyekevu. Lakini akiwa na rika lake, kutotazama huko huitwa kiburi. Akikosa kuitikia salamu, huambiwa hana malezi. Akirudia maneno aliyoambiwa badala ya kuyajibu, hudhaniwa anafanya dhihaka. Akipunga mikono kwa furaha, huigizwa. Kengele ikilia kwa kishindo naye akapiga mayowe, darasa zima huangua kicheko. Kila tendo lake lina sababu, ila hakuna aliyewapa watoto ufunguo wa kuifungua sababu hiyo. Asiyekujua hakuthamini.

Mara nyingi sisi walimu, tukikuta hali hii, huwakusanya wanafunzi na kuwahutubia. Tunawaambia wawe na huruma. Tunatisha kwa adhabu. Watoto huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo mwalimu," kisha hurudi kule kule. Si kwamba ni wabaya. Hotuba humwambia mtoto afanye nini, lakini haimpi nafasi ya kuingia katika nafsi ya mwingine akaona dunia ilivyo kutoka huko. Hadithi hufanya hivyo. Bibi zetu hawakuhutubia juu ya ulafi. Walimleta fisi, na mtoto akaona mwenyewe fisi alivyoangamia. Hawakutoa mhadhara juu ya akili kushinda nguvu, walimleta sungura. Samaki mkunje angali mbichi, nao walijua kwamba mkono mwepesi wa kumkunja ni ngano. Tofauti ya leo ni kwamba msimulizi amepewa redio, runinga na simu mkononi.

Mfano mashuhuri zaidi ni ule wa Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza Marekani mwaka 1969. Mwaka 2015 watayarishaji wake walitoa kitabu cha hadithi chenye mhusika mpya aitwaye Julia, msichana mdogo mwenye usonji. Mnamo Aprili 2017 Julia akatokea kwenye runinga kama karagosi, mwenye nywele nyekundu na mwanasesere wake wa sungura asiyeachana naye. Mwanamke aliyepewa kazi ya kumchezesha, Stacey Gordon, ni mama wa mtoto mwenye usonji.

Natamani kila mwalimu ajue jinsi kisa cha kwanza kilivyopangwa. Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, anamsalimu Julia naye hajibu. Ndege anahuzunika na kudhani kwamba hapendwi. Kumbe Julia ameshughulika na rangi zake, na anahitaji muda zaidi kuliko wengine ili ajibu. Baadaye sauti ya king'ora inamtia hofu, anaziba masikio, na wenzake wanatambua kwamba masikio yake hupokea sauti hiyo kwa namna nyingine. Kisha wanacheza mchezo wa kufukuzana, na Julia, kwa furaha, anaanza kurukaruka. Hakuna anayemwambia aache. Wenzake wanaanza kuruka pamoja naye, na mchezo unakuwa mpya na mtamu zaidi.

Hapo ndipo lilipo funzo. Julia hakuponywa mwishoni mwa kipindi ili astahili kupendwa. Waliobadilika ni wale wengine, na mchezo wenyewe ukabadilika. Aidha, swali la Big Bird ndilo swali la kila mtoto wetu: mbona hanijibu, je, hanipendi? Kipindi hakikumkaripia ndege kwa kuuliza. Kilimjibu.

Uingereza na Ayalandi nako kulianza, mwaka huo huo wa 2017, katuni iitwayo Pablo, inayomhusu mvulana wa miaka mitano mwenye usonji anayechora wanyama ili wamsaidie kukabiliana na mambo yanayomtisha. Sauti ya mvulana huyo na za wanyama wake zilitolewa na watu wenye usonji wenyewe. Wala Afrika si mgeni wa mbinu hii. Mwaka 2002, wakati watu wengi waliogopa hata kumshika mkono mwenye virusi vya Ukimwi, kipindi cha Takalani Sesame cha Afrika Kusini kilimleta Kami, karagosi msichana wa miaka mitano mwenye virusi hivyo, akacheza na kukumbatiwa na wenzake mbele ya taifa zima. Kulikuwa na makelele mengi, hasa Marekani, kwamba mambo hayo si ya watoto. Lakini watoto walikuwa tayari wanaishi nayo majumbani mwao.

Je, kuna ushahidi kwamba hadithi hubadilisha mioyo, au ni matumaini matupu? Upo, nao una masharti yake. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Uingereza, Lindsey Cameron na Adam Rutland, walichapisha utafiti uliohusu watoto wa miaka 5 hadi 10 wasio na ulemavu. Watoto hao walisomewa, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki sita, hadithi za urafiki kati ya watoto wenye ulemavu na wasio nao, kisha wakazijadili. Mtazamo wao kwa wenye ulemavu uliimarika, na matokeo bora kabisa yalitokana na hadithi ambazo hazikuficha kwamba mhusika ana ulemavu. Pale hadithi zilipokazia sifa za mhusika kama mtu binafsi badala ya ulemavu wake, matokeo hayakuwa makubwa kiasi hicho. Basi tusiogope kulitaja neno usonji mbele ya watoto. Kinachodhuru ni mnong'ono.

Sharti la pili lilidhihirishwa na Marie-Louise Mares na Emily Acosta wa Marekani mwaka 2008. Waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni moja kuhusu mbwa mwenye miguu mitatu ambaye mbwa mwenzake alimwogopa kabla ya kumzoea. Watu wazima waliona wazi kwamba funzo ni kukubali watu wenye ulemavu. Watoto wengi waliona kwamba funzo ni kuwa mwema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Mtu asicheke. Mtoto mdogo hushika alichokiona, na hana desturi ya kuvuka kutoka kwa mbwa hadi kwa jirani yake wa dawatini. Watafiti hao walipoendelea na kazi hiyo mwaka 2010, walisisitiza kwamba mtazamaji mdogo huhitaji kusaidiwa ili aupate ujumbe.

Mimi naongeza hatari nyingine. Hadithi inayotumia kurasa tisa kuonyesha mtoto akichekwa, na ukurasa mmoja wa mwisho kuonyesha toba, imefundisha kicheko mara tisa na toba mara moja. Waandishi wetu wanaopenda kumaliza kwa maneno ya majuto wafikirie jambo hilo kabla ya kushika kalamu. Kuna pia kosa la kumfanya mwenye usonji kuwa ajabu ya dunia. Tangu filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, wengi hudhani kwamba kila mwenye usonji ana kipawa cha kukokotoa hesabu kama mashine. Wengi hawana, wala hawadaiwi. Mtoto asilazimike kuwa hodari kupita kiasi ndipo apewe nafasi kwenye benchi.

Nazisikia hoja za wapinzani. Wa kwanza husema kwamba runinga ndiyo inayowaharibu watoto, tutaiingizaje darasani? Namjibu kwamba runinga ni chombo tu, na kwamba mimi sikutaja runinga peke yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, ni redio na runinga zilizokuwa mwalimu wa watoto wengi, na mwezi huo huo wa Machi, tarehe 31, Kenya ilipata stesheni ya watoto, Akili Kids!. Tanzania nayo kuna Ubongo, ambao katuni zao za Kiswahili zimevuka mipaka. Uwezo wa kutengeneza hadithi zetu kwa lugha yetu tunao.

Wa pili husema kwamba shule yake haina umeme, sembuse runinga. Huyo namwambia kwamba soksi kuukuu mbili, vifungo vinne na uzi vinatosha kumzaa karagosi. Gazeti la zamani likichemshwa na unga hutoa kichwa chake. Mwalimu mwenye sauti mbili ana kipindi kizima mkononi mwake, na pengine watoto watakipenda zaidi kwa kuwa wanaweza kumuuliza karagosi maswali naye akawajibu papo hapo.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Husema kwamba darasa lake lina watoto 60 na zaidi, silabasi haijakamilika, na hakuna aliyemfundisha elimu maalumu. Malalamiko hayo ni ya kweli, na serikali inapaswa kuyasikia. Hata hivyo, sishauri somo jipya. Nashauri kwamba kisa kimoja kati ya visa ambavyo tayari tunavisoma katika saa ya Kiswahili, au wimbo mmoja kati ya nyimbo tunazoimba, kiwe na mtoto wa namna hii ndani yake. Hakuna dakika itakayoongezwa kwenye ratiba.

Ukishapata kisa hicho, ewe mwalimu mwenzangu, usikisome na kufunga kitabu. Simama katikati uulize: mnadhani kwa nini ameziba masikio? Wewe huziba yako lini? Wafanye watoto wavuke daraja kutoka kwa karagosi hadi kwa binadamu. Tena usimnyooshee kidole mwanafunzi wako na kusema, "Kama huyu wetu hapa." Mtoto si kielelezo cha somo, na habari zake ni mali yake na wazazi wake. Zungumza nao kwanza. Wengine watakushukuru, wengine wataomba subira, na yote mawili ni haki yao. Kisha rudia baada ya wiki, na tena baada ya wiki nyingine. Wale watoto wa Uingereza walisomewa kwa wiki sita, si siku moja ya Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, kisha kimya hadi mwaka ujao.

Kuna somo jingine kutoka kwa Julia ambalo si tamu. Mwaka 2019 chama kimoja cha watu wenye usonji nchini Marekani, Autistic Self Advocacy Network, ambacho kilikuwa kimewashauri watayarishaji wa Sesame Street, kilijitoa katika ushirikiano huo. Kililalamika kwamba Julia alikuwa anatumiwa kutangaza vitabu vya shirika jingine vilivyoueleza usonji kwa wazazi kama msiba. Mtu anaweza kubishana juu ya undani wa ugomvi huo, lakini kiini chake hakina ubishi: mwenye usonji asizungumziwe kama maiti naye yu hai, anasikia. Basi wachapishaji na watayarishaji wetu, kabla ya kutoa kitabu au kipindi, waketi na vijana wenye usonji na wazazi wao. Jijini Nairobi, katika shule ya msingi ya City, kitengo cha watoto wenye usonji kimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wenye ujuzi hawako mbali.

Kwenu wanafunzi nina neno pia. Kila mwaka mnapanda jukwaani katika tamasha za drama na za muziki, nanyi mmetuliza na kutuchekesha kwa michezo kuhusu Ukimwi, ufisadi, ukeketaji na mihadarati. Kwa nini usonji usipate zamu yake? Andikeni mchezo ambao mtoto huyo si kichekesho wala si mtu wa kuliliwa, bali ni mhusika mwenye shabaha zake, ukaidi wake na mzaha wake. Na siku ambayo hakuna jukwaa, mna uwanja. Mwambie mwenzako jambo moja kwa wakati mmoja, kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema kwamba hajibu. Ukimwona anacheza peke yake, cheza kando yake kwanza. Si lazima umvute mkono. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe kama ya mtu mwingine yeyote.

Sidai kwamba hadithi itajenga darasa tulivu, wala kwamba karagosi atachukua nafasi ya mwalimu aliyefunzwa elimu maalumu. Watoto hawa wanahitaji walimu wasaidizi, vyumba vya kupumzikia kelele zinapozidi, na uchunguzi wa mapema ambao mzazi wa kawaida anaweza kuumudu. Hayo tuyadai kwa sauti kubwa, na tusikubali kupewa kitabu cha picha badala yake. Ila wakati tukiyadai, kuna mtoto ambaye kesho asubuhi ataingia darasani, na atakalolikumbuka akikua ni kama kulikuwa na mtu wa kukaa naye. Hilo halihitaji bajeti ya taifa. Linahitaji wenzake wajue kwa nini anapunga mikono. Udongo uwahi ungali maji, na watoto wetu wangali laini.